Kikulacho ki nguoni mwako, hata kwenye tezi

Ndoa ikipita miaka mitatu bila mtoto, katika sehemu nyingi za nchi hii mshtakiwa huwa amekwisha kujulikana kabla ya kesi kusikilizwa. Ni mke. Ataitwa tasa, ataulizwa kama alitoa mimba alipokuwa shuleni, atapelekwa kwa mganga akaogeshwe dawa, na wazee watakaa faraghani kujadili hatima ya mahari. Akijaliwa kufika hospitalini, macho ya wote, yakiwemo yake mwenyewe, huelekea tumboni. Ni wachache mno watakaofikiri kumtazama shingo.

Shingo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, ndugu msomaji, na pamoja nayo nataka kumtaja mwanamke mmoja ambaye jina lake halisikiki sana hata miongoni mwa wale wanaonufaika na kazi yake kila uchao. Deborah Doniach, daktari aliyezaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1912 na kufariki mwaka 2004 baada ya kufanya kazi yake yote mjini London, alianza na maradhi ya tezi ya shingo, na hatimaye utafiti wake ukamfikisha kwenye ovari, yaani vile viungo viwili vinavyoyatunza na kuyaachilia mayai ya uzazi. Safari hiyo kutoka shingoni hadi nyongani haikuwa ya kubahatisha. Kuna njia iliyoviunganisha viungo hivyo, na yeye ni mmoja wa wale walioifyeka.

Hebu kwanza tuitazame tezi yenyewe. Wataalamu huiita thairoidi; baadhi ya waandishi wa Kiswahili sanifu huiita dundumio. Iko mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, umbo lake kama la kipepeo, na kwa mtu mzima mwenye afya uzani wake ni takriban gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili: moyo upige haraka kiasi gani, chakula kigeuzwe kuwa nguvu na joto kwa mwendo gani. Homoni hizo zikipungua, mtu huwa mzito wa mwili na wa fikira, baridi humwingia hata akiwa juani, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, na kwa wanawake hedhi huvurugika. Zikizidi, moyo hudunda, mikono hutetemeka, na mtu hukonda ilhali sahani yake haibaki kitu.

Ili izitengeneze, tezi huhitaji ayodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Penye upungufu wa madini hayo, tezi hujitanua ikijaribu kuyanasa yale machache yaliyopo, na shingo huvimba. Ndilo rovu. Wakazi wa nyanda za juu, ambako mvua za karne na karne zimeyaosha madini hayo kutoka udongoni, wamelijua tangu jadi. Wengi hudhani kwamba chumvi ya bahari inayo ayodini ya kutosha kwa vile imetoka baharini. Sivyo. Chumvi inayokaushwa katika mabwawa ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, isingekuwa na faida hiyo lau isingetiwa madini hayo kiwandani kabla ya kufungwa pakitini, na sheria ya Kenya imelilazimisha jambo hilo tangu mwaka 1978. Nadhani hiyo ni mojawapo ya sheria chache ambazo hakuna mwananchi aliyewahi kuzilalamikia, labda kwa sababu ni wachache wanaojua kwamba ipo.

Lakini rovu si la aina moja. Mwaka uleule aliozaliwa Doniach, mpasuaji kijana wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alichapisha katika jarida la Kijerumani makala kuhusu wanawake wanne aliowapasua shingo. Tezi zao zilikuwa zimevimba. Alipovitazama vipande vyake kwa hadubini aliona jambo ambalo halikuwa limeelezwa kabla yake: tezi ilikuwa imefurika chembe nyeupe za damu, zile tunazozijua kuwa askari wa mwili, kana kwamba jeshi zima limepiga kambi humo. Hapakuwa na kijidudu cha kuonekana, wala saratani. Sasa askari hao walikuwa wakipigana na nani? Hashimoto hakuwa na jibu. Baadaye alirudi mjini kwao kuwatibu wagonjwa wa kawaida, na mwaka 1934 akafa kwa homa ya matumbo. Leo jina lake limo katika kila kitabu cha udaktari, na maelfu ya wanawake hulitamka wakiueleza ugonjwa wao bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Swali la Hashimoto lilikaa bila jibu kwa zaidi ya miaka 40. Kukaa huko kulikuwa na sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye sifa zake katika sayansi ya kinga hazikuwa na mfano, alifundisha kwamba mwili una kitisho kikuu cha kujitia sumu wenyewe, na kwa hiyo umewekewa mipaka isiyouruhusu kuzigeuzia silaha nyama zake. Ehrlich hakusema kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, lakini wafuasi wake walimsoma hivyo, na fundisho la mwalimu mkubwa likishageuka kuwa imani, mtu wa kulitilia shaka huonekana mtovu wa adabu. Sisi Waswahili tulikuwa na methali ya kumjibu, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini methali zetu hazikuwa zikisomwa katika maabara za Berlin.

Doniach hakuonekana kuwa mtu wa kuivunja imani hiyo. Baba yake alikuwa mpiga piano. Alisoma Paris, akaanza masomo ya udaktari huko, kisha mwaka 1933 akaolewa na daktari, Israel Doniach, akahamia London. Alilea watoto wawili, na ni mwaka 1945, akiwa na miaka 33, alipohitimu udaktari katika chuo cha hospitali ya Royal Free, ambacho kilikuwa kimewafungulia wanawake mlango zamani sana kuliko vingine vya mji huo. Mumewe alikuwa bingwa wa patholojia aliyejulikana hasa kwa uchunguzi wa thairoidi, hivyo basi tezi ilikuwa imekwisha kuketi mezani kwao kabla haijafika katika maabara ya mke. Alipoingia katika hospitali ya Middlesex miaka ya 1950 alikuwa amekaribia au amepita umri wa miaka 40, na cheo chake kilikuwa cha chini. Ni umri ambao katika vyuo vyetu, nasema kwa masikitiko, mama wa namna hiyo angeshauriwa aridhike na alichonacho awapishe vijana.

Huko Middlesex alikuwepo mpasuaji wa tezi, Rupert Vaughan Hudson. Doniach alipokuwa akiwachunguza wagonjwa wenye rovu la Hashimoto aliona kwamba damu yao ilikuwa na protini za gama globulini kupita kiasi. Wenzake kadhaa kwingineko walikuwa wameliona hilo. Lakini yeye alishikilia jambo la pili: baada ya mgonjwa kukatwa tezi, protini hizo zilipungua. Akajiuliza, kuna uhusiano gani baina ya nyama iliyotolewa shingoni na protini zinazozunguka katika damu mwili mzima?

Gama globulini ni kundi la protini ambamo kingamwili hupatikana, yaani zile silaha ambazo mwili hufua kila unapovamiwa na kijidudu. Kila silaha hulenga adui wake maalumu. Kingamwili ya surua haina kazi kwa pepopunda. Ikiwa silaha zinapungua mara tu tezi inapoondolewa, basi huenda adui aliyelengwa alikuwa ni tezi yenyewe. Wazo hilo Doniach alilijadili na wanabiokemia wawili wa hapo hapo, Ivan Roitt na Peter Campbell. Walilijaribu kwa njia ambayo hata shule ya sekondari yenye maabara ya wastani ingeweza kuielewa. Walichukua agari, ule ute mgumu utokanao na mwani, wakaweka upande mmoja maji ya damu ya mgonjwa na upande wa pili maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi ya binadamu, wakaacha viwili hivyo visafiri polepole ndani ya agari hadi vikutane. Vilipokutana, ulitokea mstari mweupe. Kingamwili ya mgonjwa ilikuwa imemkamata adui wake, na adui huyo alikuwa protini ya tezi iitwayo thairoglobulini.

Ripoti yao ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1956. Kurasa zake ni chache. Mwaka huohuo, huko Buffalo nchini Marekani, Noel Rose na mkuu wake Ernest Witebsky walitangaza kwamba sungura waliodungwa vitu vya tezi ya sungura walifanya kingamwili dhidi ya tezi zao wenyewe, na tezi zikaharibika kwa namna iliyofanana na ile ya Hashimoto. Witebsky, aliyefundishwa na mwanafunzi wa Ehrlich, hakuyaamini matokeo hayo yalipoletwa kwake mara ya kwanza. Aliagiza yarudiwe tena na tena kabla ya kukubali yaandikwe. Simlaumu. Mtu anayeubomoa msikiti wa babu yake ana haki ya kukagua nyundo. Na katika mwaka uo huo wa 1956, upande wa pili wa dunia, watafiti wa New Zealand waliripoti kwamba damu ya wagonjwa ambao tezi yao hufanya kazi kupita kiasi ilikuwa na kitu kigeni kinachoichochea tezi hiyo. Kitu hicho nacho kilikuja kudhihirika kuwa kingamwili. Kumbe silaha hizo huweza kuua tezi au kuipiga mijeledi ifanye kazi bila kupumzika.

Wengi wangeishia hapo na kula matunda ya sifa. Mwaka 1964 Doniach na Roitt walipewa tuzo ya Gairdner ya Kanada, ambayo hutajwa kuwa kizingiti cha Nobel. Nobel yenyewe haikuja. Doniach aliendelea. Alikuwa na mazoea ya kuwasikiliza wagonjwa wa tezi wakieleza mambo yasiyohusu tezi, na akaona kwamba maradhi fulani yanaandamana: mwenye rovu la Hashimoto, au jamaa yake wa damu, ndiye huyo huyo anayepatwa na upungufu mbaya wa damu utokanao na kuharibika kwa tumbo la chakula. Sasa maabara yake ilikuwa na mbinu mpya. Kipande chembamba cha nyama huwekwa kwenye kioo, hutiwa maji ya damu ya mgonjwa, kisha hutiwa rangi inayong'aa kijani chini ya mwanga maalumu palepale kingamwili iliponasa. Ukibadilisha kipande cha nyama, unaweza kuiuliza damu ileile swali jipya. Waliiuliza kuhusu tumbo, wakapata jibu mwaka 1962. Wakaiuliza kuhusu ini, pamoja na bingwa wa maini Sheila Sherlock, na mwaka 1965 wakaeleza kingamwili ambayo mpaka hivi leo ndiyo inayotambulisha ugonjwa mmoja wa kukauka kwa mirija ya nyongo, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi. Mwaka 1974, yeye na kijana kutoka Italia, GianFranco Bottazzo, walionyesha kwamba kongosho la baadhi ya wagonjwa wa kisukari linashambuliwa vivyo hivyo. Katika mwaka huohuo alifanywa profesa, akiwa na umri wa miaka 62, miaka mitatu tu kabla ya kustaafu.

Ovari iliingia katika orodha hiyo kwa mlango wa figo, kwa kusema hivyo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Wapo wagonjwa ambao adrenali zao huharibiwa na kinga yao wenyewe, na madaktari walikuwa wameona kwamba baadhi ya wanawake wa kundi hilo hukoma kupata hedhi wakiwa vijana, wengine kabla hata ya miaka 30. Mwaka 1968 watafiti wa Uskoti waliielezea kingamwili inayonasa chembe zinazotengeneza homoni katika adrenali, na kingamwili hiyohiyo ikanasa chembe za namna hiyo ndani ya ovari. Silaha iliyofuliwa kwa ajili ya nyumba moja ilikuwa inafungua mlango wa nyumba ya pili, kwa kuwa kufuli zinafanana. Maabara ya Doniach iliichukua kazi hiyo, na mwaka 1980, yeye akiwa amestaafu rasmi lakini hajaacha kuja kazini, walichapisha uchunguzi wa kingamwili hizo kwa watu wenye maradhi ya tezi na kwa watu waliokosa uzazi. Mama aliyeanza na shingo alikuwa amefika kwenye mayai.

Niruhusu, msomaji, nichepuke kidogo kwenda Japani. Mwaka 1969 Yasuaki Nishizuka na mwenzake waliripoti kwamba panya wa kike wakitolewa tezi ya thaimasi, iliyo kifuani, siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ovari zao huharibika. Hapo mwanzo ilifikiriwa kwamba ni upungufu wa homoni fulani. Baadaye ikaeleweka kwamba panya hao walikuwa wakijishambulia, na siyo ovari peke yake: hata tumbo na thairoidi zao ziliweza kuharibika. Kumbe thaimasi hutoa askari wa aina mbili, wale wanaopiga na wale wanaowazuia wapigaji wasivuke mpaka, na siku ya tatu wazuiaji walikuwa hawajatoka. Shimon Sakaguchi alianzia kwenye panya hao, akatumia miaka mingi kuwatafuta wazuiaji, na mwaka 1995 akawaeleza. Tuzo ya Nobel ya udaktari ya mwaka 2025 alipewa yeye, pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Ovari ya panya, ambayo waziri wa fedha yeyote angeiona kuwa upotevu wa pesa za umma, ndiyo iliyoonyesha kufuli ya kinga ya binadamu.

Nirudi kwa mama yetu aliyesimama mbele ya wazee wa mahari. Je, mambo haya yote yanamhusu nini?

Yanamhusu kwa njia mbili, na ni muhimu zisichanganywe. Njia ya kwanza ni kwamba tezi iliyodhoofika huivuruga ovari iliyo nzima. Homoni za thairoidi zikipungua, ubongo hutuma amri za kuichochea tezi, na amri hizo huichochea vilevile homoni ya maziwa, ambayo ikizidi huzuia yai lisipevuke. Hedhi huwa nzito au hupotea, mimba haishiki, au hushika ikatoka. Hapa kosa si la ovari hata kidogo. Mwaka 1960, Judson Van Wyk na Melvin Grumbach wa Marekani waliwaeleza wasichana wadogo ambao tezi zao zilikuwa zimekufa ganzi kwa muda mrefu. Walikuwa wamebaleghe kabla ya wakati, na baadaye wagonjwa wengi wa namna hiyo wamepatikana wakiwa na ovari zilizovimba na kujaa malengelenge ya maji. Daktari asiyejua angechukua kisu. Anayejua huwapa vidonge vya homoni ya tezi, na uvimbe hunywea wenyewe. Nalisisitiza jambo hili kwa makusudi, maana ovari ikishatolewa hairudishwi, na msichana aliyetolewa zote mbili kwa kosa la tezi yake amefungiwa mlango wa uzazi na mtu aliyedhani anamwokoa.

Dawa yenyewe si ya ajabu. Mwaka 1891 huko Newcastle, George Murray alimdunga mwanamke mmoja maji ya tezi ya kondoo; mgonjwa huyo, aliyekuwa akielekea kaburini, aliishi miaka 28 zaidi kwa dawa hiyo. Siku hizi hakuna haja ya kondoo. Ni kidonge kidogo cha kila asubuhi, na kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Njia ya pili ni ngumu zaidi. Hapo kinga ya mwili huishambulia ovari yenyewe, au ovari hushindwa mapema kwa sababu nyingine. Kwa makadirio yaliyotumika muda mrefu, takriban mwanamke 1 katika kila 100 hufikia ukomo wa hedhi kabla ya miaka 40. Kwa walio wengi sababu haijulikani. Waliodhuriwa na kinga yao ni sehemu tu. Lakini miongoni mwa wanawake hao maradhi ya thairoidi huonekana mara kwa mara, na ndiyo maana daktari mwangalifu huipima tezi na kuitafuta kingamwili ya adrenali. Adrenali ikishindwa bila kutambuliwa, mgonjwa anaweza kufa kwa homa ambayo mwenzake angeipona kwa siku tatu. Kwa ovari iliyokwisha, hakuna kidonge cha kuyarudisha mayai. Zipo homoni za kuilinda mifupa na moyo, na kuna wajibu wa kumwambia mgonjwa ukweli kwa lugha anayoielewa, asiendelee kuuziwa matumaini kwa chupa, awe muuzaji ni mganga wa miti au mwenye koti jeupe.

Sisemi kwamba kila utasa unatoka shingoni. La hasha. Yako mambo mengi: mirija iliyoziba kwa maradhi ya zinaa yasiyotibiwa, fibroidi, na yule mume ambaye hajawahi kukanyaga maabara kwa kuwa uanaume wake, kwa maoni yake, hauhitaji cheti. Aidha, siungi mkono biashara ya kumpima kila mtu kila kingamwili. Wapo watu wengi wenye kingamwili za tezi katika damu na tezi yao inafanya kazi barabara. Kuwapa dawa kwa hofu tu ni kuwatia ugonjwa wasiokuwa nao. Vilevile tusidhani kwamba ayodini nyingi ndiyo bora: kwa mwenye mwelekeo wa ugonjwa wa Hashimoto, wingi wa madini hayo unaweza kuuamsha. Chumvi ya jikoni yatosha. Vidonge vya ayodini vinavyouzwa kiholela ni vya kuogopwa.

Ninachokiomba ni kidogo. Kipimo cha homoni ya TSH, ambacho mara nyingi kinatosha kuonyesha kama tezi inafanya kazi au imelala, huhitaji damu kidogo tu. Mwanamke anapofika katika hospitali ya kaunti akilalamikia hedhi iliyopotea, mimba zinazotoka au mtoto asiyekuja, kipimo hicho kiwe miongoni mwa vya kwanza, si cha mwisho baada ya kuuza mbuzi na ng'ombe kulipia picha na upasuaji. Mumewe naye apimwe siku hiyohiyo. Nesi amshike mama huyo shingo, amwombe ameze mate, aitazame tezi ikipanda na kushuka; kitendo hicho hakigharimu hata shilingi. Na amwulize kama katika ukoo wao kuna mwenye rovu, mwenye kisukari cha utotoni, au mwenye mabaka meupe ya ngozi, maana maradhi haya hutembea kwa ukoo.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye malaria na kifua kikuu haina nafasi ya tezi na ovari. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na mara nyingi huletwa na wanaume ambao tayari wana watoto. Ningewaomba waende wakaketi asubuhi moja katika kliniki yoyote ya uzazi, wawahesabu akina mama walio kwenye benchi, na wawaulize ni wangapi kati yao wamewahi kuguswa shingo.